Mamba muntu, kamba na pumzi: woga wa mayi katika historia yetu

Mu miaka ya 1970, ukiingia mu nyumba za Katuba, Kenya ao Kamalondo, mara nyingi ulikuta picha moja mu ukuta wa salo: mwanamuke mwenye nywele ndefu na mukia wa samaki, anakaa pembeni ya mayi. Huyu njo mamba muntu. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliofanya utafiti wao mu Lubumbashi wakati ule, waliweka picha hii kati ya zile watu wa muji walizipenda zaidi. Wachoraji waliiuza, wafanyakazi waliinunua, na batoto walikomaa chini ya macho yake.

Habari yake kila mutu anaijua. Muntu anamukuta mamba muntu pembeni ya mutoni, anapata kipande cha nywele zake. Usiku, mu ndoto, mwenye nywele anakuja kuziomba. Akizirudisha na kufunga kinywa, anakuwa tajiri, lakini utajiri ule una bei yake, na mara nyingi bei ni watu wa nyumba yake. Bakubwa wanaicheka sasa. Hata hivyo mama wa Katuba akimuona mutoto anashuka kwenye mayi ya Lubumbashi ao ya Kafubu, anamuita kwa sauti ile ile: "Toka mu mayi! Iko kitu mule ndani!"

Mimi ninaona kwamba habari hii inasema zaidi juu ya muji kuliko juu ya mayi. Elisabethville ilianzishwa mu 1910, na wengi walioijaza walikuja na treni ao kwa miguu kutoka mbali, kwa kazi ya Union Minière na ya njia ya treni. Kati yao walikuwa watu wa Luapula na wa maziwa ya Upemba, kule ambako mutoto anajua kupiga kafi mbele ya kujua kuhesabu. Mu Kisale wavuvi walikaa hata juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Lakini mu kambi na mu cité mayi yalikuwa ya robine. Kizazi kimoja, viwili, ujuzi wa mutoni ukapotea; woga peke yake ukabaki, na wachoraji wakaupatia sura. Tena mu muji watu waliuliza juu ya nini jirani anatajirika haraka. Jibu likatafutwa chini ya mayi.

Basi, wale ambao walipaswa kushuka chini ya mayi kila siku, walifanya namna gani na woga?

Mufano ulio karibu na lugha yetu uko mbali kidogo kwa safari: Ghuba ya Uajemi, kule Bahrain, Kuwait, Qatar na pwani ya Oman. Kiswahili tulicho nacho kilipanda huku pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, wakati wa Msiri wa Bunkeya na wa Tippu Tip. Misafara ile ile ilishusha watu mupaka pwani, na wengine wakavushwa bahari. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mu 1873, lakini magendo yaliendelea, na mu Ghuba Waafrika wengi waliwekwa ku kazi ya kuzamia lulu. Kazi ilikuwa ya miezi ya joto, karibu Juni mupaka Septemba. Muzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe ao mufupa, alifunika vidole kwa ngozi, alitia muguu mu kamba yenye jiwe, akashuka mita 10, 15, hata 20. Alikaa chini karibu dakika moja, akakusanya chaza mu kikapu, akatikisa kamba. Mara kumi na kumi tena, kila siku.

Kamba ile ya pili njo moyo wa habari. Juu ya chombo alisimama mutu mumoja, Waarabu wanamuita saib, na kazi yake ilikuwa kushika kamba ya ule muzamiaji wake na kumuvuta mara moja akisikia inatikisika. Muzamiaji hakupanda kwa nguvu zake, alivutwa. Kumbe utulivu wake haukuwa ushujaa tu. Ulikuwa mu mikono ya mwenzake. Na mu chombo alikuwapo muimbaji, nahham, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba ili wavute pamoja.

Tusipambe lakini. Mutumwa aliyezamia, malipo yake yalichukuliwa na bwana. Hata walio huru walifungwa na deni la nahodha mwaka kwa mwaka. Lulu za kulimwa za Japani, ambazo Mikimoto alianza kuzipata mu 1893, pamoja na shida ya uchumi ya dunia kuanzia 1929, ziliua biashara hii mu miaka ya 1930.

Wale wazamiaji walijua kwa mwili kile ambacho wataalamu wameeleza baadaye. Ule moto mu kifua, ule unaokuambia "unakufa", kwanza hautoki kwa kukosa hewa safi. Unatoka kwa hewa chafu inayojaa mu damu, na unakuja mbele ya hatari yenyewe. Uso ukiingia mu mayi ya baridi, moyo unapunguza mapigo. Mwenye kupapatika anakula pumzi yake upesi. Mwenye kulegeza mabega na mikono anaitunza. Lakini kuna mutego: vijana wanaopumua haraka haraka mbele ya kuzama, ili wakae sana, wanafukuza ile hewa chafu, onyo linachelewa, na wanaweza kuzimia chini bila kusikia kitu. Njo maana hata bingwa hazamii peke yake.

Mu Desemba 2014 boti Mutambala ilizama mu Tanganyika, na watu zaidi ya 120 walikufa. Sisemi woga njo uliwaua. Ila mu Katuba kila familia iko na mutu anayesafiri ku Kalemie, ku Moba ao ku Pweto, na wengi wao hawajafundishwa hata kulala chali juu ya mayi, masikio ndani, mudomo juu, wakingoja mukono wa kuwavuta. Kitu hicho mutoto anakijifunza mu siku chache, mu mayi yanayofika kifuani, mukubwa mumoja akiwa amemuwekea kiganja chini ya mugongo.