Uwanda Si Nchi Isiyo na Mwenyewe

Nyumba za Kikwajuni ya zamani zilijengwa kwa miti, udongo na chokaa. Kuni nyingi za kupikia na za kuchomea chokaa zilitoka nchi ya Wahadimu, mashariki na kusini mwa Unguja. Mtu wa mjini aliiona nchi ile kuwa mawe na vichaka tu. Wenyewe hawakuiona hivyo. Kiambo kilikuwa mahali pa makao na miti ya ukoo, pasipouzwa kwa mgeni bila ya ridhaa ya jamaa. Uwanda ulikuwa wa mji mzima, hulimwa, kisha huachwa mpaka vichaka virudi. R. H. W. Pakenham aliieleza milki ya ardhi ya Chwaka katika kitabu chake cha mwaka 1947.

Basi kichaka kilichoachwa si dalili ya kukosa mwenyewe, bali ni sehemu ya kilimo chenyewe. Jozani ilikatwa mbao kwa biashara kabla ya kufanywa msitu wa hifadhi mwaka 1960. Na vijiji kama Pete na Kitogani hutajwa kuwa majirani wa msitu tu.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikosea kuwatoa Waogiek katika msitu wa Mau: uharibifu ulitokana na wavamizi wengine na vibali vya kukata miti, wala si wao.

Yampasa mwanafunzi wa lugha ayaandike maneno ya ardhi pamoja na masharti yake, kwani huenda yakatakiwa mahakamani.