Eyam, Kijiji cha Tauni

Katika milima ya Derbyshire, nchini Uingereza, kiko kijiji cha kale kiitwacho Eyam, na wenyeji hulitamka jina hilo "Im". Katika uwanja wa kanisa lake umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Watu wa mahali hapo walikuwa wakulima, wachungaji wa kondoo, na wachimbaji wa madini ya risasi. Huko ndiko alikozaliwa Anna Seward, mwanamke mshairi, mwaka 1742, baba yake alipokuwa kasisi wa kijiji. Lakini wageni waendao Eyam hawafuati mashairi. Wafuata makaburi, na habari za makaburi hayo ndizo tupendazo kuwaeleza wasomaji wetu.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiua watu wengi sana mjini London. Mshoni mmoja wa Eyam akaletewa mzigo wa nguo kutoka huko. Msaidizi wake, George Viccars, akaufungua, akaona nguo zina unyevu, akazianika mbele ya moto. Tarehe 7 Septemba akazikwa. Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua asili ya ugonjwa, kwa maana kijidudu chake hakikugunduliwa mpaka mwaka 1894, alipokiona Alexandre Yersin huko Hong Kong. Leo twajua ya kuwa tauni huchukuliwa na viroboto, na yamkini walikuwamo katika nguo zile.

Wakati wa baridi vifo vikapungua, lakini mwaka 1666 ulipofika mwezi wa Juni vikazidi tena, na watu wakataka kukimbia. Basi, kijijini walikuwapo makasisi wawili wasiopatana katika mambo ya dini. Mzee Thomas Stanley alikuwa ameondolewa katika kazi yake kwa kuwa hakukubali sheria ya mwaka 1662 juu ya Kitabu cha Sala. Na kijana William Mompesson alikuwa amekuja mwaka 1664 kushika mahali pale. Wengi walimpenda yule wa kwanza, wala hawakumwamini huyu mgeni. Mompesson alijua ya kuwa peke yake hatasikilizwa, akamwendea Stanley. Kwetu sisi, hatua hiyo ndiyo mwanzo wa mambo yote yaliyofuata.

Wawili hao wakawaomba watu wasitoke nje ya mpaka wa kijiji, wasije wakaupeleka ugonjwa katika vijiji vya jirani, nao wakakubali. Kanisa likafungwa, na sala zikafanywa katika bonde, kila jamaa wakisimama mbali na wenzao. Kila nyumba ikazika watu wake, bustanini au shambani. Earl wa Devonshire, aliyekaa katika jumba la Chatsworth, akaahidi kuwapa chakula. Vitu vikaachwa mpakani, na fedha za kuvilipia zikawekwa ndani ya siki, katika matundu ya jiwe ambalo lipo mpaka leo.

Mwezi wa Agosti ulikuwa mbaya kupita yote. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mumewe na watoto wake sita kwa siku nane. Aliwachimbia makaburi kwa mikono yake mwenyewe, akawakokota mmoja mmoja hata shambani, wala hapakuwa na wa kumsaidia. Yeye mwenyewe hakuugua.

Tarehe 25 mwezi ule ule akafa Catherine, mke wa Mompesson, mwenye umri wa miaka 27. Mumewe alikuwa amewapeleka watoto wao wawili Yorkshire kabla mpaka haujafungwa, lakini yeye alikataa kumwacha. Wako wamlaumuo Mompesson kwa jambo hilo la watoto. Sisi hatupendi kumhukumu upesi, lakini twakumbuka ya kuwa Elizabeth Hancock naye alikuwa na watoto, wala hakuwa na Yorkshire ya kuwapeleka.

Mtu wa mwisho alikufa tarehe 1 Novemba 1666. Waliokufa wote walikuwa wapata 260. Masimulizi mengi ya wakati ule yalikusanywa baadaye sana na William Wood, mtu wa Eyam, katika kitabu chake cha mwaka 1842. Lakini daftari ya kanisa na barua za Mompesson zingalipo.

Tauni ilipokwisha, wako waliotaka Stanley afukuzwe kijijini kwa sababu ya imani yake. Earl akakataa, na yule mzee akakaa Eyam hata alipokufa mwaka 1670. Naye Mompesson akahamishwa kwenda Eakring, katika jimbo la Nottingham. Yasemekana watu wa huko, waliposikia ametoka wapi, waliogopa kumpokea, wakamtaka akae kwanza katika kibanda nje ya kijiji.