Thawabu ya Mtoaji

Thawabu ya mtoaji ni faida anayoipata mtu kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa: furaha, heshima, afya, na uhakika kwamba siku ya shida hatabaki peke yake. Makala hii inaitazama kutoka Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Huko desturi za wakulima na wafugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi zimekutana na mji uliokuzwa na mpunga, biashara na dhahabu.

Mashambani

Shinyanga ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili. Mkulima wa jembe la mkono akichelewa kupanda, mavuno yake yako hatarini. Kwa hiyo siku ya kazi katika wiki za kupanda ni mali adimu kuliko fedha, na hiyo ndiyo mali ambayo Wasukuma walizoea kupeana. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, walikwenda kulima shamba la mwenzao kwa pamoja, ngoma ikipigwa na majembe yakirushwa hewani na kudakwa. Ngoma hiyo ya bugobogobo bado inachezwa. Mwenye shamba alipaswa kuwalisha walimaji, na kesho naye akashika jembe kwa mwingine.

Ni kweli kwamba kila mmoja alitarajia kulipwa kwa zamu. Lakini zamu haitoshi kueleza kwa nini mlimaji hodari alijitoa kuliko wenzake. Alichokipata ni jina. Sifa zake ziliimbwa vijiji vya mbali, na ushindani ulikuwa mkali hasa kati ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanza karne ya 19. Wafuasi wao hushindana hadi leo katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza.

Wafugaji nao walikuwa na namna yao. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, bali aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine. Aliyewatunza alikunywa maziwa na kutumia samadi shambani. Mwenye mali alijikinga, kwa kuwa ukame, ugonjwa au wezi wakipiga upande mmoja, kundi halikuisha. Wapo watakaosema hii ni bima tu. Mwandishi wa makala hii haoni hivyo: watoto wa mtunzaji walikunywa maziwa kweli, na urafiki uliojengwa juu ya ng'ombe wale uliweza kudumu hata baada ya mwenye kundi kufariki.

Thamani ya kutoa huonekana wazi zaidi kwa aliyekataa. Asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake aliweza kususiwa, maana yake ni kwamba hakuna wa kumpa moto, wa kumsalimu wala wa kumsaidia kuzika. Sungusungu, ulinzi wa wananchi ulioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na Nzega, nao ulitumia kususia kama adhabu, na wengi waliiogopa kuliko faini.

Mjini na machimboni

Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji wa Kahama, ulifanya kazi kuanzia 2009 hadi ulipofungwa 2021. Wachimbaji wadogo wamesambaa kuanzia vijiji vya Kahama hadi Nyarugusu na maeneo mengine ya Geita. Watu waliofuata dhahabu walifika bila ukoo. Kwa mpangaji mgeni, njia ya haraka ya kuwa jirani ni kuhudhuria msiba wa mtu asiyemjua. Jina lake likishaandikwa kwenye daftari la rambirambi, ana watu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mchango uliweza kutumwa kwa simu hata na aliye duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, mbali na nyumbani. Mkono wa pole wenyewe haujaweza kutumwa, na majirani wanaijua tofauti.

Machimboni, duara laweza kuchimbwa wiki nyingi bila mawe yenye dhahabu. Katika kipindi hicho wengi huishi kwa sahani ya mama lishe anayekubali kukopesha. Baadhi ya mikopo hiyo hailipwi. Lakini mama aliyewalisha watu walipokuwa hawana kitu ndiye atakayewapata kama wateja siku mawe yatakapotoka. Faida na huruma hapo haziachani.

Matokeo ya utafiti

Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio lililofanyika Vancouver, Canada. Watu walipewa dola 5 au 20 asubuhi, baadhi wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu mwingine. Jioni waliotumia fedha kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Mwaka 2013 watafiti hao na wenzao walipanua swali kwa takwimu za nchi 136, na katika nchi 120 kutoa kulihusiana na kuridhika zaidi na maisha. Walilinganisha pia Canada na Uganda, nchi zilizotengana mno kwa kipato, na furaha ya kutoa ikaonekana kote. Kwa upande wa afya, Stephanie Brown na wenzake walifuatilia jozi 423 za wanandoa wazee nchini Marekani kwa miaka 5. Wale ambao hawakumsaidia mtu yeyote walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wale waliosaidia. Utafiti kama huu hauthibitishi kuwa kusaidia ndiko kulikowaweka hai, ingawa watafiti walizingatia hali ya afya waliyoanza nayo.

Thawabu inapopotea

Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kwamba msaada humfaidi mtoaji anapoutoa kwa hiari, na faida hiyo hufifia akisukumwa. Kurani nayo, katika sura ya pili, inaonya kuwa masimango huibatilisha sadaka. Mjini jambo hili ni zito. Kadi za harusi zenye kiwango cha mchango, na orodha zinazosomwa hadharani au kurushwa kwenye makundi ya simu, humfanya mwenye kipato kidogo atoe kwa aibu, na aibu haimpi furaha. Vikundi vya kufa na kuzikana vinavyotunza heshima ya wanachama huweka kiwango kidogo kinachofanana kwa wote, na asiye nacho huhesabiwa kwa kuchimba kaburi, kuchota maji au kukesha jikoni.