Kiseyeye, Ndimu na Kamba za Mtepe

Leo tunazungumza juu ya mtoto anayechoka upesi, mwenye misuli dhaifu na viungo vilivyolegea. Je, vidonge vya vitamini vitamsaidia? Historia ya bahari yetu itatusaidia kujibu.

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na mabaharia wagonjwa. Kwa miezi mingi walikuwa wakila vyakula vikavu. Njiani walivimba miguu na fizi, na nguvu ziliwaisha. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, nao wakasifu hewa nzuri ya mji!

Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi 3, na watu wapatao 30 wakafa. Januari 1499 walipita karibu na Pate, wakafika Malindi, wakaomba machungwa. Waliletewa, lakini wengine walikuwa wamezidiwa, wakafa.

Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila kundi na dawa yake. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Miaka ya 1930 wanasayansi waliitambua vitamini C yenyewe.

Vitamini hii hufanya kazi gani? Kumbuka mtepe, chombo cha wazee wetu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari. Mwili nao una kamba zake, ziitwazo kolajeni. Ndizo zinazoshika ngozi, mifupa, viungo na mishipa ya damu. Vitamini C ikikosekana, kamba hizo hazisokotwi barabara, na misuli huchoka.

Lakini sikiliza vizuri, mama. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro katika nyuzi zinazoushikilia mwili. Ugonjwa mmoja wa aina hiyo huitwa Marfan, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896. Mwingine ni Ehlers-Danlos. Watoto hawa hawakukosa machungwa. Kidonge hujaza kilichopungua, hakibadilishi kilichorithiwa. Hakuna kidonge cha vitamini kilichothibitishwa kuponya maradhi haya. Tena vitamini C ikizidi sana huharisha, na yaweza kuleta mawe kwenye figo.

Basi ufanye nini? Kwanza, mpe mtoto matunda kila siku: mapera, maembe, machungwa, ubuyu. Kamulia ndimu kwenye chakula kilichokwisha kuiva, kwani moto huharibu vitamini C.

Pili, akila vizuri na bado anachoka, viungo vyake vinateguka mara kwa mara, au ni mrefu mno na macho yake hayaoni vizuri, usimalize pesa dukani. Mpeleke zahanati, au Hospitali ya King Fahd hapa Lamu, na uombe achunguzwe moyo na macho. Huenda akahitaji mazoezi mepesi, mapumziko, na kuangaliwa na daktari kila baada ya muda.

Tatu, usimwite mvivu. Mtepe ukivuja, nahodha haupigi bakora, hutazama kamba.