Rafiki Asiye na Jina

Sisi watu wa Ifakara tukisema "kabla ya reli" na "baada ya reli", hatuna haja ya kutaja mwaka. Kabla ya reli, masika yakikolea bonde la Kilombero liligeuka ziwa, na mpunga ulikaa ghalani ukingoja barabara ikauke.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa vijana walioandikishwa kazi mwaka 1970, Reli ya Uhuru ilipoanza kujengwa. Zambia ilitaka kusafirisha shaba yake hadi baharini bila kupitia Rhodesia ya walowezi. Nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli hiyo. China ikatoa mkopo usio na riba, na mafundi juu yake. Mwishoni mwa mwaka 1971 reli ilikuwa imefika Mlimba, kilometa 500 hivi kutoka Dar es Salaam. Mbele yake ilibaki kazi ngumu kuliko zote: kupanda milima hadi Makambako, kwa madaraja na mahandaki.

Baba alipangwa kufanya kazi na fundi mmoja wa Kichina. Hawakuwa na lugha moja. Fundi alishika koleo akaonyesha. Baba akatazama, akafuata. Akikosea, yule mtu hakufoka, alirudia tena. Kilichomshangaza baba ni kwamba fundi huyo alichafuka tope sawa na vibarua. Wasimamizi aliowajua enzi za mkoloni walisimama kivulini. Jioni Wachina walirudi kambini kwao, wakamwagilie bustani zao za mboga. Neno lao na baba lilikuwa moja tu: "Rafiki."

Siku moja nilimwuliza baba jina la rafiki yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sikumwuliza, mwanangu. Naye hakuniuliza langu."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Vitabu vinatuhesabia kilometa 1,860, makabidhiano ya Julai 1976, Wachina makumi ya maelfu na Waafrika wengi kuliko wao. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Vibarua wa kwetu walirudi vijijini, wakazeeka, wakaondoka mmoja mmoja na visa vyao.

Nimepanda treni hiyo mara nyingi, behewa limejaa magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji alipona. Ila nasikitika kwamba hakuuliza jina la mgeni.