Malazi ya Usiku Mmoja Mlimani Ngorongoro

Mtu apandaye kutoka Karatu kwenda milima ya Ngorongoro hukutana na ukungu na baridi kabla ya jua kuchwa, kwa maana ukingo wa bonde lile kuu una kimo cha zaidi ya futi 7,000. Jioni ikifika, mwenye kwenda kwa miguu hatafuti nyumba nzuri. Hutafuta mlango tu. Nasi tulipofika Nainokanoka, karibu na mlima Olmoti, tulikaribishwa katika nyumba ndogo ya Kimasai, ya fito na udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Tuliinama kuingia, tukalala juu ya ngozi karibu na moto. Usiku ule tulijiuliza: ni nani waliolala katika milima hii kabla yetu?

Wasomaji wa Karatu wazijua nyumba za kale za Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu. Mababu zao walichimba ubavuni mwa kilima, wakafunika paa kwa udongo hata likalingana na ardhi, ili adui ajaye kuteka ng'ombe apite asiione. Nyumba ile ilijengwa kwa hofu. Bondeni Ngorongoro walikaa Wadatoga, hata karne ya 19 Wamasai wakawashinda na kuwatoa. Lakini makaburi ya wakubwa wao yako huko hata leo, karibu na msitu wa Lerai, na wajukuu huenda kuyaheshimu.

Tarehe 18 Machi 1892 akafika Dr. Oscar Baumann, mtu wa Austria, na msafara wake ulioanzia Tanga. Wakati ule sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa Wamasai, na watu waliokonda kwa njaa walikuja kambini kwake kuomba chakula. Basi mwenyeji akawa mwombaji mlangoni pa hema la mgeni.

Baada yake walikuja Wadachi wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, wakafanya mashamba ndani ya bonde. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe, lakini wakataka na nchi. Vita ya 1914–1918 iliwaondoa, na nyumba yao karibu na mto Munge imebaki gofu.

Mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa chini ya sheria yake, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Hata hivyo mwaka 1974 waliokaa chini bondeni waliondolewa. Tena tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Wengine walikwenda kwa radhi yao, na wengine wamekataa kuondoka. Wako wasemao kwamba watu na mifugo wamezidi, na nchi itaharibika. Wako wajibuo kwamba wanyama wale wamesalia kwa sababu wafugaji hawakuwala.

Sisi tuliolala usiku mmoja hatuwezi kuamua shauri hili kubwa. Lakini twajua neno moja: kwa desturi ya Wamasai nyumba hujengwa na mwanamke, naye ndiye mwenye nyumba. Asubuhi mama yule alitupa maziwa, asitake malipo, akauliza, "Mwalimu, mkirudi mwaka mwingine, mtatukuta hapa?"

Tulinyamaza. Aliyepewa malazi ana deni, na deni letu ni hili: tunapowafundisha watoto habari za bonde lile na wanyama wake, tusiwaache nje wale waliotufungulia mlango.