Kwa nini waziri mkuu wa Australia anaweza kuondolewa na chama chake mwenyewe

Mpiga kura wa Australia hamchagui waziri mkuu. Humchagua mbunge wa jimbo lake, na wabunge wa chama chenye wingi katika Baraza la Wawakilishi ndio huamua nani awaongoze. Kati ya Juni 2010 na Agosti 2018, chama tawala kilimbadilisha waziri mkuu mara nne bila wananchi kurudi kwenye vituo vya kura.

Kwa mtu aliyekulia Kenya, Tanzania au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako rais huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, mabadiliko ya namna hii huweza kufanana na mapinduzi. Kisheria si mapinduzi. Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika mwaka 1901, haikitaji kabisa cheo cha waziri mkuu. Kwa desturi, Gavana Mkuu humwapisha kiongozi anayeungwa mkono na wengi katika Baraza la Wawakilishi. Chama tawala kikibadilisha kiongozi, waziri mkuu naye hubadilika.

Kura yenyewe hupigwa kwa siri mjini Canberra, katika kikao cha faragha cha wabunge na maseneta wa chama husika. Hoja ikipita kwamba nafasi ya uongozi iko wazi, wanaoitaka hujitokeza na kura hupigwa papo hapo. Hatima ya serikali huwa mikononi mwa watu wapatao mia moja.

Ahadi zisizofunga

Mivutano mingi huanza kwa ahadi ya kurithishana madaraka. Mnamo Novemba 1988, waziri mkuu Bob Hawke wa chama cha Labor alikutana na mweka hazina wake, Paul Keating, katika makazi ya Kirribilli, Sydney. Mbele ya mashahidi wawili, Hawke aliahidi kumwachia Keating uongozi baada ya uchaguzi uliofuata. Uchaguzi wa 1990 ukapita, Hawke akashinda, lakini hakuondoka. Juni 1991 Keating aliitisha kura akashindwa kwa 66 dhidi ya 44, akajiuzulu uwaziri na kuhamia viti vya nyuma bungeni. Desemba mwaka huo alirudi tena, na safari hii akamshinda Hawke kwa 56 dhidi ya 51.

Chama cha Liberal nacho kilikuwa na kisa chake. Mwaka 2006 ilifichuka habari ya mkutano wa Desemba 1994 ambapo, kwa maelezo ya Peter Costello, John Howard alimwahidi kumpisha baada ya kukaa madarakani kwa muhula mmoja na nusu. Howard alikana kuwapo kwa makubaliano yoyote. Costello hakuwahi kuitisha kura dhidi yake. Howard alibaki hadi uchaguzi wa 2007, ambapo aliipoteza serikali pamoja na kiti chake mwenyewe cha Bennelong.

Visa hivi viwili vina funzo moja: kiongozi hawezi kumrithisha mwenzake kitu kisicho mali yake. Cheo ni cha wabunge wanaompa, na ahadi ya watu wawili haiwafungi.

Rudd, Gillard, kisha Rudd tena

Kevin Rudd alikirejesha Labor madarakani mwaka 2007 kwa ushindi mkubwa. Kufikia katikati ya 2010, mpango wake wa kupunguza hewa chafu ulikuwa umeahirishwa, makampuni ya madini yalikuwa yakipinga vikali kodi mpya aliyoipendekeza, na wenzake walilalamika kwamba hakuwashirikisha katika maamuzi. Usiku wa 23 Juni naibu wake, Julia Gillard, alitangaza kuutaka uongozi. Alipoona hana kura za kutosha, Rudd hakugombea. Kesho yake Gillard aliapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Wananchi wengi waliamka na kumkuta waziri mkuu mwingine, bila maelezo yaliyowaridhisha. Miezi miwili baadaye Labor kilipoteza wingi wa viti, kikatawala kwa kuungwa mkono na wabunge huru na chama cha Greens. Rudd akawa waziri wa mambo ya nje, lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Februari 2012 alijiuzulu na kugombea, akashindwa kwa 71 dhidi ya 31. Tarehe 26 Juni 2013 alimshinda Gillard kwa 57 dhidi ya 45. Miezi mitatu haikutimia kabla Labor hakijashindwa katika uchaguzi mkuu.

Waliberali wafuata njia ileile

Tony Abbott aliingia madarakani akiahidi utulivu. Februari 2015, hoja ya kutangaza nafasi yake kuwa wazi ilishindwa kwa 61 dhidi ya 39, ingawa hakuwa na mpinzani aliyejitangaza. Septemba mwaka huo Malcolm Turnbull alimwondoa kwa 54 dhidi ya 44, akitaja miongoni mwa sababu zake kwamba serikali ilikuwa imeshindwa katika kura 30 mfululizo za maoni za Newspoll.

Kipimo hicho kilimgeukia mwenyewe. Agosti 2018, huku chama kikivutana juu ya sera ya nishati, Turnbull alinusurika dhidi ya Peter Dutton kwa 48 kwa 35. Siku tatu baadaye nafasi ilitangazwa wazi tena, na Scott Morrison akamshinda Dutton kwa 45 dhidi ya 40. Turnbull aliondoka bungeni, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba jimbo lake la Wentworth likachukuliwa na mgombea huru. Serikali ikapoteza wingi wake.

Kanuni mpya

Vyama vyote viwili vimejaribu kuufunga mlango huo. Tangu 2013, kiongozi wa Labor huchaguliwa kwa uzito sawa kati ya wanachama wa kawaida na wabunge, na waziri mkuu hawezi kupingwa mpaka asilimia 75 ya wabunge wa chama watie saini. Desemba 2018, Liberal kiliamua kwamba waziri mkuu aliyeshinda uchaguzi ataondolewa tu kwa theluthi mbili ya kura.

Tangu hapo hakuna waziri mkuu aliyeng'olewa na chama chake. Morrison aliondolewa na wapiga kura Mei 2022, na Anthony Albanese wa Labor, aliyemrithi, alichaguliwa tena Mei 2025. Hata hivyo, kanuni hizi ni za vyama. Hazimo katika Katiba wala katika sheria ya Bunge.

Kwa raia mpya anayepiga kura kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo kupiga kura ni lazima, maana yake ni hii: majina yaliyo kwenye karatasi yake ni ya wale wanaotaka kuliwakilisha jimbo lake. Akishinda mgombea wa chama tawala, huyo ndiye atakayeingia katika kikao cha faragha siku mvutano ukizuka, na ndiye wa kuulizwa alipiga kura upande gani na kwa sababu gani.